Amana za Mtaa Zilikwenda Wapi? Vita vya Mikopo ya Haki Nchini Marekani

Marekani ina sheria moja ya benki ambayo ukiisoma mara ya kwanza utaidharau. Haina faini. Haimpi mwananchi nafasi ya kuishtaki benki mahakamani. Haisemi benki itoe mikopo mingapi wala impe nani. Inaitwa Community Reinvestment Act, ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter Oktoba 1977, na kiini chake ni sentensi chache tu: benki ina wajibu wa kuhudumia mahitaji ya mikopo ya eneo lote inalofanyia kazi, mitaa ya kipato cha chini ikiwemo, mradi isihatarishe usalama wake yenyewe. Basi. Lakini kwa kuishika sheria hiyo, vikundi vya wakazi wasio na mtaji wala cheo vimewaketisha mezani wakurugenzi wa benki kubwa na kuondoka na ahadi za mabilioni ya dola.

Nguvu hiyo wanaitoa wapi? Jibu linaanzia miaka ya 1930.

Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Roosevelt iliunda shirika la kuwaokoa wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo. Wapimaji wake walichora ramani za miji zaidi ya 200, wakaupa kila mtaa daraja na rangi: kijani kwa mitaa bora, kisha bluu, njano, na nyekundu kwa ile waliyoiita hatari. Mitaa waliyoishi watu weusi karibu yote ilipakwa nyekundu. Wanahistoria bado wanabishana ni kwa kiasi gani wakopeshaji walizitumia ramani zile zenyewe. Kisichobishaniwa sana ni kazi ya chombo cha pili, Federal Housing Administration, kilichoanzishwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba. Benki ilikopesha kwa ujasiri pale serikali ilipokubali kubeba hasara, na mwongozo wa chombo hicho ulionya waziwazi dhidi ya kuchanganya watu wa rangi tofauti katika mtaa mmoja. Huko Detroit, mwaka 1941, mjenzi aliyetaka dhamana hiyo kwa nyumba za wazungu alijenga ukuta wa zege wenye kimo cha mtu ili kuwatenga majirani weusi. Dhamana akapata. Ukuta bado upo.

Kwa hiyo fundi mweusi mwenye kazi ya kudumu kiwandani hakunyimwa mkopo kwa sababu hakuweza kulipa. Alinyimwa kwa sababu ya rangi yake na mahali alipoishi. Na kwa kuwa alihitaji paa la kulala wanawe, alikwenda kwa mtu wa pili.

Huyu mtu wa pili anahitaji maelezo, maana bila yeye hatutaelewa kwa nini watetezi wa leo hawaridhiki kusikia kwamba watu wa kipato cha chini “wamepata mkopo”. Katika mtaa wa North Lawndale, Chicago, miaka ya 1950 na 1960, walanguzi walinunua nyumba kwa bei ya chini kutoka kwa wazungu waliotishwa kwamba mtaa unaharibika, kisha wakaziuza kwa familia nyeusi kwa bei iliyopanda sana, mara nyingi maradufu. Mauzo yalikuwa ya mkataba wa kulipa kidogo kidogo, na hati ilibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Mnunuzi alilipa kodi ya jengo, alitengeneza paa, alibadilisha mabomba. Akikosa mwezi mmoja, anatolewa nje, alivyolipa vyote vinapotea, na nyumba ileile inauzwa kwa familia inayofuata. Mwaka 1968 wanunuzi hao waliunda Contract Buyers League, na mamia wakagoma kulipa mpaka mikataba irekebishwe. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na Chuo Kikuu cha Duke ulikadiria kwamba mikataba ya aina hii ilizinyang’anya familia nyeusi za Chicago kati ya dola bilioni 3 na 4 kwa thamani ya sasa.

Zingatia kwamba watu hawa walikuwa wanalipa. Walilipa zaidi ya jirani mzungu mwenye mkopo wa benki, tena kila mwezi. Baada ya miaka 20, jirani alikuwa na nyumba ya kuwarithisha watoto, na wao walikuwa na stakabadhi.

Upande wa magharibi wa jiji hilohilo, mtaa wa Austin, aliishi Gale Cincotta, mama wa watoto sita ambaye hakuwa mchumi wala mwanasheria. Aliingia kwenye harakati kupitia kamati ya wazazi shuleni, akihoji kwa nini madarasa yamefurika, na kutoka shule akafika kwenye nyumba, na kutoka nyumba akafika benki. Swali lake na wenzake lilikuwa jepesi mno: sisi tunaweka amana hapa mtaani, mbona hatuoni mikopo hapa mtaani? Pesa zetu zinakwenda wapi? Benki hazikuwa na wajibu wa kujibu, na hazikujibu. Wakazi wakatishia kutoa akiba zao kwa pamoja na kuzihamishia kwa benki itakayokubali kukopesha mtaani. Mwaka 1972 Cincotta na mratibu mwenzake Shel Trapp walisaidia kuitisha mkutano wa nyumba uliowakutanisha wanaharakati wa miji mingi huko Chicago, na hapo ukazaliwa mtandao wa kitaifa, National People’s Action.

Nadhani akili yao kubwa ilikuwa katika mpangilio wa madai. Hawakuanza kwa kudai mikopo. Walidai kwanza takwimu. Mwaka 1975 Kongresi ilipitisha Home Mortgage Disclosure Act, iliyowalazimisha wakopeshaji kutangaza mikopo ya nyumba wameitoa katika mitaa ipi. Kabla ya hapo kila lawama ilikuwa neno la mwenye nyumba dhidi ya neno la meneja. Baada ya hapo mama wa mtaa aliweza kuingia kikaoni na karatasi ya benki yenyewe mkononi. Ndipo mwaka 1977 ikaja sheria tuliyoanza nayo, ikisukumwa na Seneta William Proxmire wa Wisconsin. Hoja yake haikuwa ya huruma: benki inapewa leseni na umma na amana zake zinakingwa na bima iliyowekwa na serikali, kwa hiyo nayo inadaiwa kitu na umma huohuo.

Wakaguzi wa serikali huikagua kila benki kila baada ya miaka michache na kuipa daraja moja kati ya manne, kutoka bora hadi kushindwa kabisa. Daraja baya halina adhabu ya moja kwa moja. Ila benki ikitaka kufungua tawi au kuinunua benki nyingine, lazima iombe kibali, na anayetoa kibali lazima aangalie rekodi hiyo na apokee maoni ya umma. Hapo ndipo kikundi cha mtaa kinapopata kauli. Muunganiko wa benki una tarehe zake, wanahisa wake na mawakili wanaolipwa kwa saa. Pingamizi lenye takwimu likichelewesha kibali kwa miezi mitatu, hasara yake ni kubwa kuliko gharama ya kukaa na wakazi na kuelewana. Faini ingelipwa na kusahaulika. Ucheleweshaji unauma.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, kisu hiki kilikaa alani. Wasimamizi waliidhinisha karibu kila ombi. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1988 gazeti la Atlanta Journal-Constitution lilichapisha mfululizo wa habari za mwandishi Bill Dedman ulioonyesha kwamba wakopeshaji wa Atlanta walitoa mikopo ya nyumba mara tano zaidi katika mitaa ya wazungu kuliko katika mitaa ya weusi yenye kipato kinacholingana. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Februari 1989 Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, ilikataa kwa mara ya kwanza ombi la benki kununua nyingine kwa sababu ya rekodi yake ya kuhudumia jamii. Mwombaji alikuwa benki ya Continental ya Chicago. Mwaka huohuo Kongresi iliamuru madaraja yatangazwe hadharani, na takwimu za mikopo zikaanza kuonyesha pia rangi na kipato cha waombaji, hata waliokataliwa.

Mwaka 1990 mashirika ya mitaa yalianzisha National Community Reinvestment Coalition, muungano wenye makao yake Washington ambao kazi yake kubwa ni kuchambua takwimu hizo na kujadiliana na benki zinazotaka kuungana. Makubaliano ya kawaida hutaja kiasi cha mikopo ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini, mikopo ya biashara ndogo, fedha za kujenga nyumba za bei nafuu, na matawi yasiyofungwa. Mwaka 2016 KeyBank ilipokuwa ikiinunua First Niagara, iliahidi dola bilioni 16.5 kwa miaka mitano.

Mkataba huo unafaa kuangaliwa hata baada ya sherehe yake. Mwaka 2022 muungano uleule ulivunja uhusiano na KeyBank, ukisema takwimu zinaonyesha wanunuzi weusi wa nyumba wamezidi kuachwa nyuma. Benki ilikanusha na kusema ilitimiza na kuvuka ilichoahidi. Nani yuko sahihi inategemea unahesabu nini: jumla ya dola, au nani amezipata. Ahadi ya mabilioni inaweza kutimia yote kwenye majengo makubwa ya kupangisha huku familia moja moja zikiendelea kukataliwa. Kasoro hii iko ndani ya sheria yenyewe, kwa kuwa inapima kipato cha mtu na cha mtaa. Rangi haimo, ingawa tatizo lililoizaa lilikuwa la rangi. Ubaguzi wa wazi unashughulikiwa na sheria nyingine mbili, ya makazi ya mwaka 1968 na ya fursa sawa za mikopo ya mwaka 1974, ambazo hizo zina meno ya mahakama.

Wakosoaji wapo pia upande wa pili. Seneta Phil Gramm wa Texas aliyaita majadiliano haya unyang’anyi, na katika sheria ya benki ya mwaka 1999 inayobeba jina lake kukaingizwa kifungu kinachotaka makubaliano kati ya benki na vikundi yawekwe hadharani. Neno lake lilikuwa kali kupita kiasi, lakini kifungu chenyewe sioni ubaya wake. Anayedai takwimu za mwenzake hana sababu ya kuficha zake, hasa akiwa ni shirika ambalo pengine linapokea ruzuku kutoka kwa benki ileile linayoikosoa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 shida ilikuwa imegeuka sura. Mitaa iliyonyimwa mikopo sasa ilianza kufuatwa nayo mlangoni. Madalali walibisha hodi kwa wajane wenye nyumba zilizokwisha kulipiwa, wakawashawishi kukopa kwa ajili ya kutengeneza paa, wakawapachikia riba ya juu, bima isiyohitajika na ada, kisha baada ya mwaka wakawashawishi kukopa upya ili ada zitozwe tena. Nyumba iliyochukua maisha mazima kuimiliki ikaliwa vipande vipande.

Waliolitambua mapema ni watu wa Self-Help, shirika la Durham, North Carolina, lililoanzishwa mwaka 1980 na Martin Eakes na Bonnie Wright; mtaji wake wa kwanza, dola 77, ulitokana na mauzo ya keki. Kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wakikopesha watu wa kipato cha chini na kulipwa vizuri, hawakudanganyika na hoja kwamba riba kubwa ni bei ya hatari. Mwaka 1999 walifanikisha sheria ya jimbo lao dhidi ya mikopo ya unyonyaji: ilipiga marufuku kumkopesha mtu upya bila faida yoyote kwake, na kuingiza ndani ya deni bima inayotozwa yote kwa mkupuo. Miaka mitatu baadaye wakaanzisha Center for Responsible Lending kufanya utafiti na utetezi kitaifa.

Taifa halikusikia kwa wakati. Mporomoko wa fedha na soko la nyumba wa mwaka 2008 ulipokuja, maafisa wa sheria walikuta kwamba watu weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wenye sifa za mkopo wa kawaida walikuwa wamesukumwa kwenye mikopo ghali. Kampuni ya mikopo ya nyumba ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 mwaka 2011, na benki ya Wells Fargo dola milioni 175 mwaka 2012, zote bila kukiri kosa. Baadhi ya wanasiasa waliilaumu sheria ya 1977, wakidai ililazimisha benki kukopesha wasioweza kulipa. Hoja hiyo hukutana na tarakimu moja mbaya: wachumi wa Federal Reserve walikuta kwamba takriban asilimia 6 tu ya mikopo ya riba kubwa ilitolewa na benki zinazobanwa na sheria hiyo, kwa wakopaji wa kipato cha chini au mitaa yao, ndani ya maeneo zinayokaguliwa. Sehemu kubwa ilitoka kwa kampuni ambazo sheria haizigusi.

Kwenye mikopo midogo kuna adui mwingine, ambaye Mtanzania angemtambua mara moja na kumwita kausha damu. Duka la mikopo linakupa dola 100 hadi siku ya mshahara, wiki mbili, kwa ada ya dola 15. Inaonekana nafuu. Zidisha kwa vipindi 26 vya mwaka: ni riba ya asilimia 390. Ada si mtego wenyewe. Mtego ni kwamba siku ya mshahara mtu hana 115, ana 15 tu, kwa hiyo analipa ada na kuacha deni palepale, tena na tena. Hapa mashirika ya utetezi, mengi yakishirikiana na makanisa, yamechagua dai lisilohitaji ufafanuzi mrefu: ukomo wa asilimia 36 kwa mwaka, gharama zote zikiwa ndani. Kongresi iliuweka ukomo huo kwa ajili ya wanajeshi mwaka 2006. Nebraska, jimbo la kihafidhina, liliupitisha kwa kura ya wananchi mwaka 2020, na Illinois ikafuata kwa sheria mwaka 2021. Sijaona maelezo ya kuridhisha kwa nini askari alindwe na mhudumu wa hospitali aachwe.

Lakini kumkinga mtu asinyonywe hakumfanyi awe na mali. Uchunguzi wa Federal Reserve wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kaya ya kizungu ya katikati, ile ambayo nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini yake, ilikuwa na mali ya dola 285,000 ukiondoa madeni. Ya watu weusi ilikuwa na 44,900, na ya Walatino 61,600. Pengo la mishahara lipo, lakini ni dogo sana kuliko hilo. Mshahara ni wa mwezi huu. Mali imebeba ndani yake nyumba ambayo babu alikopeshwa au alinyimwa. Kijana ambaye wazazi wake wana nyumba hupewa kianzio cha kununua yake. Mwenzake mwenye mshahara uleule hutafuta kianzio hicho miaka kumi, huku akilipa kodi ya pango.

Ndiyo maana sehemu ya utetezi imehamia kwenye akiba na umiliki. Mwanazuoni Michael Sherraden alipendekeza mwaka 1991 akaunti ambazo mtu wa kipato cha chini akiweka dola moja kwa ajili ya nyumba, masomo au biashara, mfadhili anaongeza nyingine au zaidi. Mwaka 1994 sheria iliunda mfuko wa serikali wa kuzitia mtaji taasisi ndogo za fedha zinazohudumia jamii zilizosahauliwa, na leo taasisi za aina hiyo zimezidi elfu moja.

Njia nyingine inaitenganisha ardhi na nyumba: ardhi inashikwa na shirika la jamii, familia inamiliki kilicho juu yake. Ilianzia Georgia mwaka 1969, wakulima weusi waliokuwa wakifukuzwa mashambani kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura walipoanzisha New Communities karibu na mji wa Albany, wakiwemo Charles na Shirley Sherrod. Walishika zaidi ya ekari 5,000. Ukame ulipokuja wakaomba mkopo wa dharura wa serikali ambao wakulima wazungu waliupata. Wao wakacheleweshwa miaka, na shamba likauzwa kwa deni mwaka 1985. Mwaka 2009, kupitia kesi ya ubaguzi dhidi ya Wizara ya Kilimo, walilipwa takriban dola milioni 12, wakanunua shamba jingine ambalo zamani lilikuwa la mmiliki wa watumwa.

Mfano mmoja utamfurahisha msomaji wa Kiswahili. Aliyehamia Columbus au Minneapolis anajua kwamba mtu anaweza kufika na kazi na heshima, bila deni hata la senti, na mfumo ukamwona hewa, kwa sababu alama za kuaminika kimkopo, kutoka 300 hadi 850, hutokana na kukopa na kulipa. Upatu anaocheza na wenzake hauhesabiwi. Shirika la Mission Asset Fund la San Francisco, lililoanza kazi mwaka 2007 chini ya José Quiñonez, liliuona upatu wa wahamiaji wa Mexico, likauandikia mkataba rasmi wa mkopo usio na riba, na kila mchango uliolipwa likaupeleka kwenye kumbukumbu za kampuni za alama. Watu walikuwa wakilipana kwa uaminifu miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika.

Vita vya sasa viko kwenye kanuni. Sheria ya 1977 ilidhani benki ni jengo lenye mlango, na eneo la kukaguliwa hupimwa kutoka matawi yake. Benki ya kwenye simu inakusanya amana nchi nzima na kukaguliwa zaidi pale makao yake yalipo. Oktoba 2023 wasimamizi, yaani taasisi tatu za serikali zinazosimamia benki, walitoa kanuni mpya kurekebisha hilo. Vyama vya mabenki vikafungua kesi Texas, jaji akazizuia Machi 2024, na mwaka 2025 wasimamizi haohao, chini ya serikali mpya, wakapendekeza zifutwe na kurejeshwa zile za mwaka 1995. Wakati huohuo zaidi ya nusu ya mikopo ya nyumba Marekani hutolewa na kampuni ambazo si benki na ambazo sheria ya kitaifa haizihusu kabisa. Kwa hiyo mashirika yamegeukia majimbo: Massachusetts ilizijumuisha kampuni hizo katika sheria yake mwaka 2007, Illinois na New York zikafanya hivyo mwaka 2021, na kwingineko miswada ya aina hiyo inapiganiwa bunge moja baada ya jingine.